Kidonge, Uji na Mwenye Mtoto

Ukimtajia dereva wa lori jina la Busia, atakuelezea foleni ya mpakani. Ukimtajia mtaalamu wa uchumi aliyeko Stockholm, ataanza kukuhadithia minyoo. Sababu ni mradi ulioanza mwaka 1998 katika tarafa za Budalangi na Funyula, magharibi mwa Kenya, ambako Mto Nzoia humwaga maji yake Ziwa Viktoria na, mwaka wa mvua mbaya, huyamwaga mashambani na vyooni pia. Shirika la Kiholanzi la ICS na ofisi ya afya ya wilaya ziliandikisha shule 75 za msingi zenye watoto zaidi ya 30,000 ili wapewe dawa za minyoo. Fedha na watu havikutosha kuanza kote kwa siku moja, basi shule zikagawanywa mafungu matatu ya shule 25: fungu la kwanza 1998, la pili 1999, la tatu likangoja mpaka 2001. Kungoja huko kukawapa watafiti Edward Miguel na Michael Kremer nafasi ya kulinganisha waliopewa na wasiopewa. Makala yao ilitoka 2004, na mwaka 2019 Kremer akawa mmoja wa watatu waliopewa Tuzo ya Nobel ya uchumi.

Wilaya imekuwa kaunti, watoto wale sasa ni wazazi, na dawa zimeenea mbali na Busia. Kilichobaki bila jibu ni swali lililokuwapo kabla hata ya watafiti kufika: mtoto akishapita lango la shule, afya yake ni kazi ya nani, na nani alipe?

Watu wanaozungumza hapa hawana majina kwa kuwa wamebuniwa. Ni misimamo inayogongana kila panapokuwa na kikao cha wazazi, ikapewa sauti. Takwimu wanazozitaja ni za kweli. Tumewaketisha kwenye madawati ya darasa la nne, magoti yakigonga mbao: Sista wa zahanati, Mwalimu Mkuu, Mama anayeuza omena Port Victoria, Mzee wa bodi ya shule, na Mchumi kijana aliyekuja na kompyuta yake. Afisa wa kaunti alitumiwa mwaliko. Atachelewa.

Sista ndiye aliyeanza, kwa kuwa ana wagonjwa wanaomsubiri. Alisema watu wanapenda kuyajadili haya kama jambo la kuaminiwa au kutoaminiwa, ilhali choo cha mtoto kilipimwa. Kabla ya dawa, asilimia 92 ya watoto waliopimwa walikuwa na aina moja ya minyoo au zaidi: safura inayoingia kwa nyayo zisizo na viatu na kunyonya damu, mchango unaomezwa na uchafu, kichocho kinachopatikana kwenye maji ya ziwa. Zaidi ya theluthi moja walikuwa na maambukizi ya kiwango cha kati au kizito. “Hao si watoto wa kufanyiwa mjadala,” alisema. “Ni wagonjwa. Mgonjwa hutibiwa.”

“Sasa mbona mnawapa wote, hata asiye na minyoo?” Mama aliuliza.

“Kwa sababu kumpima kila mmoja ni ghali mara kadhaa kuliko kidonge chenyewe, mama. Na kidonge hakimdhuru asiye nao.”

Mchumi alikuwa ameshafungua kompyuta. Alieleza kwamba katika shule zilizotibiwa utoro ulipungua kwa karibu robo. Tena nafuu haikuishia kwa waliomeza. Hata mtoto ambaye hakuwapo siku ya dawa alipungukiwa na minyoo, kwa sababu wenzake walipoponywa, mayai ya minyoo yalipungua kwenye udongo wanaouchezea wote. Hapo, alisema, ndipo palipo siri ya Busia. Dawa anayopewa mtoto wa jirani inamtibu wako kidogo.

Mzee alicheka. Alikuwa na mtoto katika mojawapo ya shule hizo, na anakumbuka nusu ya kijiji ikisema minyoo ni sehemu ya mwili, ndiyo inayosaga chakula, na anayeitoa yote anatafuta balaa. Wanaanthropolojia waliofanya kazi kandokando ya ziwa waliyaandika mawazo hayo, na si ya kuchekwa. Mtu ambaye amemwona kila mtoto tangu azaliwe akiwa na minyoo, na wengi wao wakakua, hana sababu ya kuiita ugonjwa.

“Haya, walifika shuleni,” Mama alisema. “Mtihani je? Walipita?”

Mchumi alikohoa. Hapana. Alama za mtihani hazikuinuka. Watoto walikuja zaidi, lakini makaratasi yao yalifanana na ya wenzao.

“Basi walikuja kukaa.”

Mwalimu Mkuu hakuipenda hiyo. Darasa lenye watoto wengi na kitabu kimoja kwa dawati, alisema, halipandi alama kwa sababu tu viti vimejaa. Ana haki ya kulalamika: majaribio mengine yaliyofanywa Busia na Teso yalionyesha hata vitabu vya bure viliwasaidia hasa wale waliokuwa mbele tayari, kwa kuwa viliandikwa kwa Kiingereza ambacho wengine hawakukiweza. Lakini Mchumi alikuwa na karata nyingine. Watoto wale walifuatiliwa. Miaka 20 baadaye, waliopata dawa kwa miaka miwili mitatu zaidi ya wenzao walikuwa wakipata karibu asilimia 13 zaidi kwa kila saa ya kazi, na matumizi ya nyumbani mwao yalizidi kwa asilimia 14. Kwa kidonge ambacho gharama yake, pamoja na kukifikisha, haifiki dola moja kwa mwaka.

Isingekuwa haki kumwachia Mchumi kiti peke yake. Mwaka 2015 watafiti wa chuo cha London cha usafi na magonjwa ya tropiki walizipitia upya hesabu za mwanzo, wakakuta makosa. Nafuu iliyodaiwa kuzifikia shule za mbali iliyeyuka, na ile ya mahudhurio ikategemea sana namna unavyozipanga hesabu. Mwaka huohuo mapitio ya Cochrane, mtandao wa watafiti wa tiba, yaliyokusanya majaribio kutoka nchi nyingi, yalisema upo ushahidi wa kutosha kwamba dawa ya watoto wote kwa pamoja haiongezi, kwa wastani, uzito, damu au ufaulu. Ugomvi huo ukaitwa vita vya minyoo. Wachumi walijibu, madaktari wakajibu majibu.

Sista aliyasikiliza yote hayo mikono ikiwa kifuani. “Huko ndiko mnakotupotezea wakati,” alisema. “Mtoto mwenye upele hamumuulizi kama akipona atapata mshahara mkubwa. Mwenye minyoo ndiye mnayemtaka alete faida.”

Hapa inafaa kusema wazi: Sista ana hoja ambayo wasomi wa pande zote mbili waliikwepa. Ugomvi ulihusu kama dawa ni kitega uchumi. Haukuhusu kama mtoto ana haki ya kutokuwa na safura.

Mchumi hakukubali kirahisi. Serikali, alijibu, ina mfuko mmoja na maombi elfu. Waziri hasogei kwa neno haki; husogea akionyeshwa hesabu. Mwaka 2009 Kenya ilizindua dawa za minyoo katika shule za umma, mwaka 2012 mpango ukapanuliwa, na kwa mwaka mmoja watoto zaidi ya milioni 5 wakafikiwa, walimu wenyewe wakiwa ndio wagawaji baada ya mafunzo mafupi. “Hesabu zile mnazozidharau, Sista, ndizo zilizoleta makasha ya dawa hadi kwenye zahanati yako.”

Kimya kidogo. Hilo nalo ni kweli.

Mwalimu Mkuu akaleta neno lililokuwa likimkaa moyoni: umiliki. Kitu cha bure hakithaminiwi, alisema. Mfadhili akiondoka, kinaondoka naye. Mzazi akichangia hata kidogo atakilinda. Sauti hii si ya mjinga. Ndiyo iliyokuwa sera ya nchi nyingi miaka ya 1980 na 1990, ilipoitwa kugawana gharama, na wafadhili wengi bado huimba wimbo huo kwa jina la uendelevu.

Ubaya wake ni kwamba Busia ililipima hilo pia. Mwaka 2001, kati ya shule 50 zilizokuwa zikipata dawa bure, 25 zilichaguliwa kwa bahati nasibu zianze kutoza. Shilingi 30 kwa familia pale palipohitajika dawa ya minyoo ya kawaida, shilingi 100 palipoongezwa ya kichocho. Si kwa mtoto. Kwa familia nzima. Katika shule za bure, watoto 75 kati ya 100 walimeza dawa. Katika shule za kulipia, 19.

“Kumi na tisa!” Mzee alirudia. Anazikumbuka shilingi 30 zile. Anakumbuka pia kwamba alikuwa nazo.

“Na hukulipa?”

“Sikulipa. Watoto walikuwa wanacheza mpira. Ningemtibu nani?”

Jibu la Mzee lina uzito kuliko kurasa nyingi. Mchumi aliongeza mambo mawili ambayo hata yeye yalimshangaza alipoyasoma mara ya kwanza. Kwanza, waliolipa hawakuwa wale wenye watoto wagonjwa zaidi. Pili, kwa kuwa ada ilikuwa ya familia, mwenye watoto watano alilipa kidogo sana kwa kila kichwa kuliko mwenye mmoja, na bado haikuleta tofauti. Kilichowafukuza watu hakikuwa ukubwa wa bei, bali kuwapo kwake.

Mwalimu Mkuu alitafuta njia nyingine: basi tuwafundishe. Lakini mafunzo nayo yalikuwamo tangu mwanzo. Walimu walifunzwa, mabango yakabandikwa, watoto wakaambiwa wanawe mikono, wavae viatu, wasiogelee ziwani. Wachunguzi waliporudi walikuta mikono, nyayo na maji vile vile. Mama aliona hakuna cha ajabu. Viatu vinanunuliwa, alisema, havifundishwi.

Na lipo jambo moja dogo kuhusu karatasi. Mwaka 1998 wazazi waliarifiwa mikutanoni, na asiyetaka mtoto wake apewe dawa alisema. Mwaka uliofuata wizara ya afya ikataka kila mzazi aje kutia sahihi. Waliomeza wakapungua. Sehemu ya sababu ni kwamba kutia sahihi kulimaanisha kuingia ofisi ya mwalimu mkuu, na mzazi mwenye deni la karo huzunguka shamba zima asipite mbele ya ofisi hiyo.

“Mimi sikuwatuma walipe siku ile,” Mwalimu Mkuu alijitetea.

“Hukututuma,” Mama alimjibu. “Ulitutazama tu, Mwalimu.”

Afisa wa kaunti aliingia wakati huo, akaomba radhi kwa ajili ya barabara, akakalia dawati lililobaki. Alipoulizwa wamefika wapi na huduma za afya shuleni, aliitoa Katiba ya 2010 kama mtu anayetoa kitambulisho kwenye kizuizi cha polisi. Jedwali la Nne linasema zahanati na huduma za msingi za afya ni za kaunti. Chekechea pia ni ya kaunti. Shule ya msingi ni ya serikali ya taifa.

Tafsiri yake ni rahisi kuiona ukimfuata mtoto mmoja. Akiwa chekechea, kaunti inamwajiri mwalimu wake na kaunti inamwajiri Sista. Siku anapohamia darasa la kwanza, mara nyingi katika uwanja uleule na choo kilekile, mwalimu wake anakuwa wa tume ya kuajiri walimu iliyoko Nairobi. Sista anabaki wa kaunti. Minyoo haina habari.

“Kwa hiyo nikija shuleni kuwatibu watoto, natembea kwa nauli ya nani?” Sista aliuliza. Afisa alisema hilo ni swali zuri. Sista alimwambia amelisikia jibu hilo kwa miaka mingi.

Mpango wa minyoo ulifaulu kuuruka ukuta huo kwa sababu dawa zilitolewa msaada na watengenezaji, wafadhili wakalipia mafunzo na usafiri, na walimu wakafanya kazi ya ziada. Kila pasipo na mfadhili, ukuta umesimama. Nani apime macho? Nani aangalie mtoto asiyesikia, anayepigwa kila siku kwa utundu ambao si wake?

Mchumi alikuwa na mfano kutoka Trans Nzoia, kaskazini-mashariki mwa hapa. Huko, mwaka 2015, walimu waliwapima macho watoto karibu 21,000 katika shule 50, na katika nusu ya shule hizo walitumia simu zenye programu ya Peek. Kazi ya daktari wa macho ikafanywa na mwalimu wa kawaida chini ya mti. Mtoto aliyekutwa na tatizo alielekezwa hospitali. Katika shule zilizotumia njia ya kawaida, yaani karatasi ya rufaa tu, 22 kati ya 100 ndio waliofika. Katika zile ambako mzazi alikumbushwa kwa ujumbe wa simu, na mtoto akapewa picha inayoonyesha jinsi anavyouona ubao, walifika 54.

“Umeona?” alisema. “Teknolojia.”

“Nimeona,” Sista alisema. “Nimeona 46 ambao hawakufika hata baada ya simu. Nauli, mwanangu. Na siku nzima ya kuacha kibanda.”

Mama alitikisa kichwa kukubali, halafu akauliza jambo ambalo wengine walikuwa wamelisahau: wasichana. Sista aliinamisha uso. Mwaka 1998 wasichana wa miaka 13 na zaidi hawakutakiwa kupewa dawa, kwa hofu kwamba huenda yupo mwenye mimba na dawa ikamdhuru mtoto tumboni. Mwongozo umelegezwa tangu wakati huo. Lakini kuna mtindo hapo. Kila huduma ya shuleni ikipangwa, msichana mkubwa hukumbukwa mwisho. Sheria ya elimu ya msingi ilirekebishwa 2017 ili serikali impe kila msichana aliyevunja ungo katika shule ya umma sodo za bure za kutosha. Mama ana mabinti wawili wa umri huo. Walizipata? Muhula mmoja zilikuja, muhula mwingine hazikuja. Msichana hapati hedhi kwa kufuata ugavi wa wizara.

Mzee alirudisha mazungumzo tumboni. Kizazi chake cha wazazi kinakumbuka Maziwa ya Nyayo, maziwa ya bure ya shuleni aliyoyaanzisha Rais Moi mwaka 1979, na jinsi watoto walivyoamka mapema siku ya pakiti. Yalikatika katika miaka ya 1990, na hakuna aliyekuja kueleza. “Mtoto ukimwambia kesho kuna dawa, anaugua leo. Ukimwambia kuna uji, analala na kikombe.”

Uji nao ulipimwa hapa hapa. Katika chekechea 50 za Busia na Teso, nusu zilipewa uji wa asubuhi, na mahudhurio katika hizo yakazidi ya wenzao kwa karibu asilimia 30. Mwalimu Mkuu anaijua habari hiyo na anaijua sehemu ya pili, ambayo watetezi wa chakula hawaitaji sana: kupika, kupanga foleni na kuosha vikombe kulikula muda wa masomo, na alama zilipanda tu pale mwalimu alipokuwa na uzoefu. Asikilizwe. Yeye ndiye atakayeachiwa sufuria.

Halafu Afisa, aliyekuwa kimya kwa aibu au kwa hesabu, akasema jambo la maana. Nairobi, tangu 2023, kaunti inawalisha watoto wa shule za msingi ingawa shule hizo si zake, na mzazi hulipa shilingi 5 kwa mlo. Wanalipa. Foleni ipo. Imekuwaje basi shilingi 30 ziwafukuze watu wa Budalangi?

Wote walimgeukia Mchumi, lakini aliyejibu ni Mama. Chakula, alisema, mtoto anakula leo na anashiba leo, na ni wake. Dawa ya minyoo anakunywa wangu, anapona wa jirani. Baada ya miezi michache minyoo inarudi kutoka kwa yule ambaye hakunywa. “Nitalipia vipi kitu ambacho kikifanya kazi sikioni, na kisipofanya kazi ni kosa la mtu mwingine?”

Mchumi alikiri kwamba kurasa 40 alizosoma hazijasema hilo kwa ufupi huo. Ndiyo maana hoja ya umiliki inafaa mahali na haifai mahali. Ukimtoza mtu kwa sahani, unauza sahani. Ukimtoza kwa usafi wa udongo wa kijiji kizima, unamwomba sadaka huku ukiiita bei. Maji yaliyotibiwa, chanjo, dawa za minyoo, vyoo vya shule ni vya fungu hili la pili, na mahali pake ni bajeti ya umma. Majadiliano yangeanzia hapo miaka 20 iliyopita, wasomi wangebaki na muda wa kuuliza kwa nini zahanati yenye Sista mmoja haina fungu la kumpeleka shule iliyo kilomita tatu.

Lilibaki jambo ambalo Sista alilishikilia hadi mwisho. Dawa ya kichocho ni chungu, na mtoto akiimeza bila kitu tumboni hukatwa na tumbo au hutapika. Akitapika, wenzake wanakimbilia nyumbani, na muhula unaofuata Sista anakutana na nusu ya darasa. Kwa hiyo siku ya dawa hiyo lazima kuwe na uji. Dawa zinaletwa bure kutoka ng'ambo. Unga haumo kwenye makasha.

“Unga ni elimu au ni afya?” Afisa aliuliza, na hakuwa akitania.

Mama alisema akina mama wataleta kuni na maji, na mikono ya kupika, kama walivyofanya siku zote. Pesa hawatoi, na ofisini hawaji kutia sahihi. Mzee alimuunga mkono. Mwalimu Mkuu aliuliza nani ataosha vikombe ili kipindi cha hesabu kisipotee, akaambiwa darasa la sita. Akafungua daftari la kumbukumbu na kuandika: Sista kufika kila muhula, uji siku ya dawa ya kichocho, unga na nauli kutoka kaunti, malipo ya wazazi, hakuna. Afisa aliomba mbele ya neno kaunti paongezwe “itakapowezekana”. Mama aliomba asomewe sentensi hiyo tena, polepole, kisha akasema likiingizwa hilo, kuni nazo zitakuja itakapowezekana.